Kabla Hujaweka Tinti, Kaa na Kila Dirisha Kutwa Nzima

Mara ya kwanza niliweka tinti nyumba nzima kwa siku moja. Fundi alikuja asubuhi na roli la karatasi nyeusi, na jua lilipozama hakukuwa na kioo kilichosalia, kuanzia sebuleni hadi kidirisha cha bafuni. Miaka mitatu baadaye nilikuwa juu ya ngazi naibandua kwa mikono yangu.

Nilikosea mapema kabisa, kabla hata ya kumwita fundi. Sikujiuliza kila dirisha linanisumbua nini. La sebuleni linatazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga moja kwa moja kwenye kochi. Hapo shida ni joto. Chumbani hapana joto, ila wapita njia wanaona ndani. Jikoni hapakuwa na shida yoyote. Yote nikayapa dawa moja.

Nianze na hili la kuonekana, maana ndilo linalowavuta wengi. Tinti nyeusi, na hata ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, hukuficha pale tu nje panapokuwa na mwanga mwingi kuliko ndani. Giza likiingia na taa ukiziwasha, mambo yanageuka: wewe huoni nje, wa nje anakuona. Usiku mmoja nilitoka kufunga geti, nikageuka, nikawaona wanangu mezani mmoja mmoja, mpaka daftari lililofunguliwa mbele ya mdogo wao. Karibu mwaka mzima tulikuwa tumeacha kufunga mapazia tukidhani tumejificha. Kama unataka faragha ya usiku, funga pazia, au weka tinti ya ukungu. Hiyo ya ukungu inaficha mchana na usiku, lakini na wewe hutaona nje, kwa hiyo naiona inafaa bafuni zaidi kuliko sebuleni.

Sasa joto. Wengi tunaamini kadiri tinti inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyopoza. Sivyo. Takriban nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni kabisa. Tinti ya bei nafuu iliyotiwa rangi tu inapunguza zaidi mwanga, na joto jingi inalinyonya yenyewe. Weka kiganja juu ya kioo cha namna hiyo saa kumi jioni: utakitoa haraka. Kioo kimepata moto, na sehemu ya moto huo kinaurudisha chumbani. Ndicho kilichotupata. Sebule ikawa giza, taa zikawaka mchana, na kwenye kochi bado tunatoka jasho. Tinti ya seramiki, yaani yenye chembechembe ndogo sana za seramiki, inaweza kuonekana karibu haina rangi na bado ikazuia joto zaidi ya ile nyeusi.

Kwa hiyo mwulize muuzaji namba mbili: ni asilimia ngapi ya mwanga inapita, na ni asilimia ngapi ya nishati yote ya jua inazuiwa. Sisitiza neno "yote". Wapo watakaokutajia asilimia ya infraredi peke yake, kwa kuwa ndiyo namba kubwa inayopendeza masikioni. Na kama dirisha lenyewe unalifungua kutwa ili upepo uingie, tinti haitakusaidia sana, kwani hewa ya moto inapita pale pasipo na kioo. Jua la namna hiyo ni bora likutane na kivuli huko nje, kibaraza au turubai, kabla halijagusa kioo.

Kuhusu samani kupauka, tinti nzuri huzuia hadi asilimia 99 ya miale ya urujuanimno (UV). Lakini mwanga wa kawaida na joto navyo hupausha kitambaa. Utachelewesha tu.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba kioo kinaweza kupasuka. Tinti inayonyonya joto hufanya sehemu iliyo juani itanuke kuliko ile iliyo kivulini au iliyofichwa ndani ya fremu. Madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi katikati, vioo vyenye waya ndani, na kioo chochote chenye ukingo uliomeguka, hayo usiyaguse mpaka mtengenezaji aseme tinti gani yanaistahimili. Soma na dhamana ya madirisha yako, maana nyingine hufutika ukishabandika kitu. Mpangaji, omba ruhusa kwanza.

Kubandika mwenyewe kunawezekana kwenye kioo kidogo kilicho laini. Adui ni vumbi. Osha kioo, pitisha wembe mpya pembeni mwa fremu, osha tena, usiwashe feni. Pulizia maji yenye sabuni kidogo kwenye kioo na kwenye upande wa gundi, telezesha karatasi mpaka ikae, kisha sukuma maji kwa raba kuanzia katikati kwenda nje. Acha upenyo wa milimita moja au mbili kandokando, karatasi isipande kwenye fremu. Madoa ya ukunguukungu yatakayobaki ni maji, yatakauka yenyewe kwa siku au wiki kadhaa. Povu lenye chembe ya mchanga ndani halitaondoka. Usioshe kioo hicho kwa kama mwezi mmoja, na baada ya hapo epuka dawa zenye amonia. Dirisha kubwa mwachie fundi mzoefu, kwa maoni yangu.

Ile yangu ya kwanza iligeuka rangi ya zambarau, ikaanza kuchanika vipandevipande nilipoivuta. Kilichonisaidia ni maji ya sabuni na mfuko mweusi wa plastiki uliobandikwa juu yake juani kwa saa chache. Gundi ikalainika, wembe ukamaliza kazi.

Leo dirisha la magharibi lina seramiki inayopitisha karibu nusu ya mwanga, bafuni kuna ukungu, na chumbani tuna pazia zito. Safari hii niliomba kwanza kipande cha sampuli, nikakibandika kwa maji ya sabuni katikati ya kioo cha sebuleni, nikakiacha siku nne. Nilikitazama asubuhi, nikakishika jioni, na usiku nikatoka tena hadi getini, taa zote zikiwa zinawaka ndani, nikageuka kuangalia.