Mama analalia mito mitatu

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 58 na anauza vitenge sokoni hapa Tanga. Mwezi huu wote, akitoka kituo cha daladala kwenda kwenye meza yake husimama mara mbili njiani akishika kifua, kisha maumivu hutulia. Usiku hulalia mito mitatu. Yeye husema ni uzee na vidonda vya tumbo. Je, tuendelee kumpa dawa ya tumbo? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vidonda vya tumbo huuma kwa kufuata njaa na chakula, si kwa kufuata hatua. Kifua kinachobana mtu anapotembea na kuachia anapopumzika hutia shaka kwamba mishipa inayolisha moyo imeanza kuwa myembamba, kwani moyo hudai damu zaidi wakati wa kazi na njia iliyosongwa haiwezi kuipitisha. Lakini kilichonishtua zaidi ni hiyo mito. Mtu anayekosa pumzi akilala chali huenda mapafu yake yanaingia maji kwa sababu moyo hausukumi damu ipasavyo. Mbonyeze kwa kidole gumba kwenye muundi kwa sekunde chache. Kishimo kikibaki, miguu imejaa maji, nawe umweleze daktari hivyo.

Mpeleke Hospitali ya Bombo kesho asubuhi, msisubiri siku ya mapumziko yake. Aombewe kipimo cha umeme wa moyo na ultrasound ya moyo, pamoja na sukari na mafuta kwenye damu. Presha ipimwe akiwa ameketi kwa utulivu dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo. Ikifika 140/90 au kuzidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Maumivu yakimjia amepumzika, yakapita dakika 15, au akatokwa na jasho jembamba, au yakapanda hadi kwenye taya ama mkono, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nawe pia upimwe presha siku hiyo, kwa kuwa haiumi na mara nyingi hurithiwa. Mbebeeni mama dawa zote anazomeza, hasa za maumivu ya viungo kama diklofenaki, ambazo huzuia maji mwilini na kupandisha presha, ili daktari azione kwa macho yake.