Kabla Hujafunga Kontena: Jiko la Ujerumani Halihamii Marekani

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu ameniandikia kutoka Leipzig. Mumewe amepata kazi Ohio, mwajiri anawalipia kontena, na yeye anauliza kama afungashe jiko zima: oveni, friji, blenda, birika la umeme, mashine ya kukandia unga. "Vyote ni vizima, na nimevinunua kwa jasho langu," kaniambia. Jasho hilo nalijua. Nimekaa Hamburg kabla ya kuja Minneapolis, na leo hii msimu wa Idi ukifika oda za sambusa zinanizidi mpaka nakataa wateja. Kwa hiyo jamani nisikilizeni.

Nianze na Hamburg, maana mlioko Marekani wengi hamlijui hili. Nyumba nyingi za kupanga Ujerumani hupewi na jiko. Sisemi unapewa jiko bovu, hupewi kitu. Tulipofungua mlango wa chumba cha jikoni tulikuta mabomba yametokeza ukutani yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, waya mnene wa umeme unaning'inia, vigae vyeupe, basi. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa keshang'oa hata sinki, na alikuwa na haki, kwani alilinunua mwenyewe. Nikawa napikia jiko dogo la umeme nililoliweka sakafuni, vyombo naoshea bafuni. Mwanamke mmoja, Mswahili mwenzangu, akaja kunitembelea, nikamkaribisha kwa nilichokuwa nacho. Alipotoka akaenda kuwaambia watu kwamba hata pa kuchemshia chai sina. Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo. Nilinunua kabati moja baada ya jingine, nikaweka sinki, nikaweka oveni, jiko likasimama. Kwa hiyo ninapokwambia liache, dada yangu, najua ninachokuomba.

Sababu ni umeme. Ulaya plagi zinatoa volti 230, Marekani plagi za kawaida zinatoa 120. Birika lako la wati 2,200 ukilichomeka huku kwa adapta linapata kama robo tu ya nguvu yake. Blenda na mashine ya kukandia ndiyo kabisa, mota haipati nguvu ya kuzungusha kinyunya. Transfoma ya kupandisha volti na kubeba mzigo huo ni dude zito, na kwa bei yake bora ununue blenda mpya. Volti 240 zipo kwenye nyumba za Marekani, ila zimewekwa kwa ajili ya vitu kama jiko kubwa na mashine ya kukaushia nguo. Hilo jiko lako la Leipzig nalo pa kulitia hapapo: oveni ya Ulaya ina upana wa sentimita 60, na nafasi unayoachiwa huku ni inchi 30, yaani sentimita 76. Tena huna haja nalo, kwani nyumba ya kupanga Marekani karibu kila mara unakuta jiko na friji vimo tayari.

Chukua sufuria zako. Wale mliopata jiko la induksheni huko Ulaya, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, mnajua: unateleka sufuria ya aluminiamu, kioo kinakumulikia alama tu, sufuria baridi vilevile, kwa sababu aluminiamu haishiki sumaku. Sufuria nilizotoka nazo Tanga zilikaa juu ya kabati miaka yote ya Hamburg. Hapa Minneapolis nimekuta jiko la gesi, zimerudi kazini. Pilau la watu wengi nalipika humo.

Na chukua mizani, ile ya betri. Hili nalisisitiza kuliko yote. Wajerumani wanapima unga kwa gramu, Wamarekani wanapima kwa kikombe, na kikombe chao ni kama mililita 240. Ukichota unga ukaushindilia unapata uzito mwingine, ukiumimina taratibu unapata mwingine. Mahamri hayana msamaha na mambo hayo. Mimi kikombe kimoja cha unga wa ngano nahesabu gramu 125, siagi yao ya kipande kimoja ni gramu 113, na sibadilishi. Oveni nayo inasoma Farenhaiti: 350 ni kama 177 zetu za Selsiasi, 400 ni kama 204. Na kama kule Leipzig ulizoea kuoka kwa feni, kumbuka mapishi mengi ya Kimarekani yameandikwa kwa oveni isiyo na feni. Mayai weka kwenye friji hata kama Ujerumani uliyazoea rafuni, maana Marekani huoshwa kabla ya kuuzwa na ile kinga ya ganda imeshaondoka.

Kitu nitakachokipenda daima katika jiko la Ulaya ni udogo wake. Niliwahi kwenda kwenye nyumba ya makumbusho ya msanifu majengo Ernst May, Frankfurt, kuona jiko alilobuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926. Upana wake hata mita mbili haufiki, urefu mita tatu na nusu hivi, na kila kitu unakifikia ukigeuka tu. Cha ajabu, mama yule alikuwa amesoma maandishi ya Mmarekani, Christine Frederick, aliyehesabu hatua za mpishi. Wamarekani wenyewe leo wana majiko mapana, unatembea kutoka friji hadi sinki mpaka miguu inauma. Mimi nimesogeza meza katikati, nakandia, nakunjia na kujazia nyama nikiwa nimesimama pale pale.

Kina dada, acheni kuhamisha vitu kwa ajili ya macho ya watu. Najua mnataka kupika kwa wingi, mnataka kuuza, mnataka jina. Jina linaletwa na chakula. Unapokwenda kuangalia nyumba usivutiwe na friji ya kutengeneza barafu. Angalia feni iliyo juu ya jiko, mara nyingi iko ndani ya maikrowevu: je, inatoa moshi nje au inaurudisha humo humo ndani? Ukikaanga sambusa kwenye hiyo ya pili, king'ora cha moshi hakikupi raha. Uliza kabla hujatia saini.

Na hilo jiko la Leipzig, dada yangu, muuzie mpangaji anayeingia. Piga picha, andika kila kabati na umri wake, ongea na mwenye nyumba mapema, na bei muiandike mkatabani wote wawili kabla hujakabidhi funguo.