Maswali na Majibu: Radi Katikati ya Theluji

Kila Desemba barua zinafanana: msomaji anakumbuka ngurumo ya wakati wa sikukuu, na hakuna anayemwamini. Nimechagua chache.

Nilipokuwa mdogo, mkesha wa Krismasi, theluji ilikuwa ikianguka na mbingu zikanguruma. Ndugu zangu wanasema niliota. Je, inawezekana?

Inawezekana kabisa, usikubali kunyamazishwa. Radi haihitaji jua la kiangazi. Inahitaji hewa inayopanda kwa nguvu, na ndani ya wingu pawe na chembe za barafu, punje laini za theluji iliyogandamana, na matone ya maji yaliyo chini ya nyuzi 0 lakini hayajaganda. Punje na chembe hizo zinapogongana, chaji za umeme hutengana. Wakazi wa Buffalo, kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie huko Marekani, wanaijua hali hii: hewa ya baridi kali hupita juu ya ziwa ambalo bado halijapoa, hupata joto na unyevu kutoka chini, kisha hupaa haraka.

Ndugu zako nao huenda wanasema kweli kwamba hawakusikia kitu. Theluji inayoanguka humeza sauti. Ngurumo ambayo siku ya mvua ingesikika umbali wa kilomita 15, kwenye theluji nzito inaweza kuishia kilomita chache tu. Aliyekuwa upande wa pili wa mji hakuwa na namna ya kujua.

Lakini nawaomba tena, kama nilivyoomba miaka iliyopita: msiniandikie "zamani kidogo". Tafuta mwaka na tarehe. Vituo vya hali ya hewa vya viwanja vya ndege huandika ngurumo katika ripoti zao, na ripoti nyingi za zamani zinasomeka hadi leo. Ukiwa na tarehe, ubishi wa familia unakwisha kwa jioni moja.

Ni kweli kwamba ngurumo ya majira ya baridi huleta theluji ndani ya siku saba?

Hapana. Imani hiyo inapendwa sana kwenye milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Mara nyingine baridi hufuata kwa sababu dhoruba ilitangulia mbele ya hewa baridi iliyokuwa njiani. Mara nyingine hakifuati chochote.

Bibi alisema ni ishara ya msiba. Niwaambie nini watoto?

Waambie habari za Kanazawa, kwenye pwani ya Bahari ya Japani. Huko majira ya baridi ndiyo msimu wa radi, na wavuvi huichukua ngurumo ya wakati huo kuwa habari njema: samaki aina ya buri wamekaribia. Kumtisha mtoto kwa wingu ni kumfundisha kukimbia asichokielewa badala ya kukielewa.

Radi ya baridi si dhaifu kuliko ya kiangazi?

La. Hukohuko Japani baadhi ya radi za baridi ni kali mno, na zimeharibu mitambo mingi ya umeme wa upepo.

Naweza kusimama nje nipige video? Nitahesabu sekunde kati ya mwanga na sauti.

Swali hili limenichosha, maana jibu halijabadilika. Ukisikia ngurumo, ingia ndani, na ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Sekunde tatu kwa kila kilomita ni hesabu sahihi, ila kwenye theluji haikulindi: sauti haifiki mbali, kwa hiyo ukiisikia tu, radi tayari iko jirani nawe.

Tonado wakati wa Krismasi? Si uzushi wa mitandaoni?

Si uzushi. Tarehe 25 Desemba 2012 tonado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka wingu hadi ardhini, ilipiga mji wa Mobile, Alabama, huko Marekani, na kuharibu shule ya Murphy. Tarehe 26 Desemba 2015 nyingine, ya daraja la EF4 (la pili kwa ukali kati ya madaraja ya tonado), ilipita miji ya Garland na Rowlett karibu na Dallas, Texas, giza likiwa limeshaingia. Watu 10 walikufa, wengi wao wakiwa ndani ya magari. Hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko haijui kalenda.

Gari lenye bodi ya chuma hukinga radi. Halikingi tonado. Watu huchanganya mambo haya mawili na kuendelea kuendesha. Na wakati wa sikukuu wengi huzima simu ili wapumzike. Zima mengine yote, lakini tahadhari za hali ya hewa ziache zilie, hasa usiku.

Dhoruba imekata umeme. Naweza kuwasha jenereta gereji, mlango ukiwa wazi?

Kamwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mlango wazi hautoshi kuitoa. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, hata kama theluji inaanguka.