Unga wa kinkina: vinasaba vinaweza kusema nini?

SWALI: Bwana Mhariri, ninauza dawa za miti shamba sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Wanaoniletea unga wa maganda ya mti wa kinkina huapa kwamba ni ya kinkina ya njano, yenye kinini (ile dawa ya malaria) nyingi, lakini ninashuku wanachanganya na ile nyekundu. Ganda zima ninalitambua kwa jicho na kwa ulimi, unga unanishinda. Mwanangu anayesoma chuoni anasema kipimo cha vinasaba, yaani DNA, humaliza ubishi. Ni kweli? (Mama msomaji, Kadutu)

JIBU: Mama, mwanao amesema kweli, ila hajaimaliza. Unga hubaki na vinasaba vya mti wake hata ukisagwa laini, mradi haukuchemshwa wala kuoza kwa unyevu hadi vikakatikakatika. Mtaalamu huchagua kipande kimoja cha vinasaba hivyo, hukinakili mara nyingi, husoma mfuatano wa herufi zake, kisha huulinganisha na wa mti ambao jina lake limekwisha kuthibitishwa.

Ugumu uko katika kuchagua kipande. Mwaka 2009 wataalamu walipendekeza viwili kwa mimea ya nchi kavu, rbcL na matK, na vyote ni vya kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli vinavyonasa mwanga wa jua. Lakini rbcL hubadilika polepole mno, hivyo miti iliyo ndugu wa karibu huweza kusomeka sawa. Isitoshe, katika mimea mingi yenye maua kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake, na kwa kuwa kinkina hizi huzaana, chotara ataonekana kama mama yake tu. Ndiyo sababu huongezwa kipande kiitwacho ITS, kilicho katika kiini cha seli na kinachotoka kwa wazazi wote wawili.

Liko na jambo ambalo wauzaji wachache hulifikiria: mashambani, kinkina ya njano mara nyingi hupandikizwa juu ya shina la nyekundu, kwa kuwa mizizi ya nyekundu ni migumu zaidi. Basi ganda la mzizi na ganda la juu la mti mmoja huweza kutoa majibu mawili tofauti, na hakuna aliyekudanganya.

Tena, kipimo hiki hutaja jina la mti, hakipimi kinini iliyomo. Kinini ikizidi husababisha mvumo masikioni na huvuruga mapigo ya moyo. Kiasi chake hupimwa kwa kemia. Ulimi nao usiuamini sana, kwani kinkina zote mbili ni chungu. Kwa sasa, dai uletewe maganda mazima, uyasage mwenyewe.