Jibu: Mchezo wa Mangi Meli, mwanahistoria aingie lini?

Dada, umeuliza kama kikundi chenu hapo Moshi kiandike kwanza mchezo wa kuigiza kuhusu Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa Old Moshi, ndipo kitafute mwanahistoria wa kuukagua. Nawaomba sana msifanye hivyo. Akija mwishoni atasahihisha tarehe tu. Mwiteni tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Tarehe ya kifo chake inajulikana: Wajerumani walimnyonga Meli huko Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, 2 Machi 1900. Utajiri uko kwa wazee. Pandeni huko, ombeni ruhusa, warekodini wakisimulia kwa Kichagga, kisha waigizaji wote wasikilize pamoja: mzee ananyamaza wapi, anashusha sauti kwenye jina gani, anakumbuka wimbo upi. Hapo ndipo mwigizaji anapata cha kufanya na mwili wake. Masimulizi yakipingana (na yatapingana, kila ukoo una lake), msikimbilie kuchagua moja; wapeni wahusika wawili, wabishane jukwaani.

Kubuni msiogope. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya 1969, kuhusu kiongozi wa Vita vya Maji Maji, alieleza wazi kuwa mhusika wake si yule wa historia hasa.

Onyesho la kwanza lifanyieni kulekule Old Moshi, kabla ya mjini, na wazee wapewe nafasi ya kuwakosoa.