Maswali ya Wasomaji: Transfoma na Umeme wa Betri

SWALI: Ndugu Mhariri, niliunga koili ya kwanza ya transfoma ndogo kwenye betri ya volti 12, nikitarajia koili ya pili itoe volti nyingi zaidi. Mshale wa mita ulicheza mara moja, ukarudi kwenye sifuri, kisha ukacheza kuelekea upande wa pili nilipotoa waya. Je, transfoma imeharibika? Tena, ikiwa chombo hiki huongeza volti, kwa nini kisitupatie umeme wa ziada?

JIBU: Transfoma yako ni nzima. Ulichokiona ndicho alichokiona Michael Faraday mjini London mwaka 1831, alipozungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Koili hizo hazipitishiani umeme kwa waya. Kinachoziunganisha ni uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi, na volti huzuka katika koili ya pili pale tu mkondo wa koili ya kwanza unapoongezeka au kupungua. Mkondo ukishatulia, hata ukiwa mkubwa namna gani, koili ya pili haipati kitu.

Nguvu ya uhusiano huo huitwa indaktansi ya pamoja, nayo hupimwa kwa henri. Ikiwa ni henri 0.5, na mkondo wa koili ya kwanza unabadilika kwa ampea 2 kila sekunde, koili ya pili hupata volti 1. Badiliko likiwa la ampea 200 kila sekunde, hupata volti 100. Mkondo geu wa hezi 50, kama umeme wa majumbani, ambao hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, hautulii kamwe, hivyo koili ya pili huendelea kupata volti.

Nakusihi usirudie jaribio hilo. Kwenye mkondo geu, koili ya kwanza hujizalishia yenyewe volti zinazopinga mkondo wake, lakini kwenye betri kinachobaki kuuzuia ni ukinzani wa waya tu: ukiwa omu 4, zitapita ampea 3, na wati 36 zote zitakuwa joto la kuunguza koili. Kibaya zaidi, kutoa waya ghafla huzusha volti nyingi za kitambo ambazo zinaweza kukupiga shoti.

Kuhusu umeme wa ziada, haupo. Koili ya kwanza ikiwa na mizunguko 1000 na ya pili 50, volti 230 zitashuka hadi 11.5; ukichukua ampea 2 upande wa pili, yaani wati 23, upande wa kwanza utavuta takriban ampea 0.1, ambazo ni wati 23 zile zile. Kwa kweli huvuta zaidi kidogo, kwa kuwa waya na chuma kilichozungushiwa koili hupata joto, na ndiyo sababu chuma hicho hutengenezwa kwa bamba nyembamba zilizotenganishwa kwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, ili kuzuia mikondo isizunguke ndani yake. Ukihitaji kupandisha volti za betri, tumia inveta, ambayo kwanza huukatakata na kuugeuza mkondo huo kwa kasi, ndipo huupeleka kwenye transfoma.