Mtoto Wako Anasoma Shule ya Mashambani Iowa? Jua Inavyoendeshwa

Wazazi wengi wa kwetu tuliohamia miji midogo ya Iowa kufuata kazi za viwanda vya nyama tunaishi na shule kama wageni. Tukiitwa tunakwenda, tukipewa karatasi tunatia saini, mtoto akiambiwa abaki mwaka mwingine kwenye darasa la Kiingereza tunasema sawa, walimu ndio wanaojua. Nimesomesha watoto wangu katika wilaya ndogo ya shule huku mashambani, nimehudhuria vikao vyake na kuwakalimania majirani, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: punguza ugeni. Shule ile inamhitaji mtoto wako kuliko unavyodhani. Sisemi hivyo kukutia moyo. Ni hesabu tu.

Kila mwanzo wa Oktoba, wilaya zote za shule Iowa huhesabu wanafunzi wao. Idadi hiyo ndiyo inayobeba bajeti ya mwaka unaofuata, kwa sababu jimbo limeweka kiwango cha fedha kwa kila kichwa. Mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha msingi kilikuwa dola 7,826. Sehemu inatoka jimboni, sehemu kwenye kodi ya ardhi na majengo ya watu wa palepale, na mtoto anayejifunza Kiingereza huhesabiwa kwa uzito wa ziada kwa miaka yake ya mwanzo. Sasa piga hesabu. Familia yenye watoto wanne ikihamia mji wenye wanafunzi 400, bajeti inaongezeka kwa zaidi ya dola 31,000. Wakihama watoto kumi, zinaondoka zaidi ya dola 78,000. Mshahara wa chini kabisa wa mwalimu Iowa ni dola 50,000 tangu mwaka wa masomo 2025–26, bila kugusa bima wala pensheni yake, kwa hiyo hapo ndipo mwalimu wa muziki anapoanza kuonekana wa ziada.

Ndiyo maana nawaambia wanaohamia: mwandikishe mtoto Agosti, usingoje mpaka mambo ya nyumba yatulie. Watakuomba uthibitisho wa unapoishi na rekodi za chanjo. Lakini hawawezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua hilo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Na ile fomu ya chakula cha mchana ijaze, hata kama mwanao anabeba chakula chake kutoka nyumbani. Idadi ya watoto wa kipato cha chini hutumika kwenye misaada mingine ya shule, na mara nyingi fomu hiyohiyo ndiyo inayomwondolea mtoto michango ya vitabu na michezo.

Sasa, nani anaendesha? Kwetu Tanzania mwalimu anaajiriwa na serikali na kupangiwa kituo, leo yuko Kasulu, kesho kahamishiwa kwingine. Hapa si hivyo. Iowa ina wilaya za shule zaidi ya 300, nyingi zikiwa na wanafunzi chini ya 1,000, na kila moja ni mamlaka inayojitegemea. Usiichanganye na kaunti. Wilaya moja inaweza kuwa miji midogo mitatu na mashamba yaliyo katikati, na jengo moja lenye watoto wa chekechea upande huu na vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari upande ule. Bodi ya wajumbe watano au saba, waliochaguliwa kwa kura na wasiolipwa mshahara, ndiyo inayoajiri msimamizi mkuu (superintendent, mkuu wa shule zote za wilaya), inayopitisha bajeti na inayoidhinisha kila mwalimu anayeingia au kutoka.

Wajumbe hao ni watu unaowaona kila siku: mkulima wa mahindi, muuguzi, wakala wa bima. Utakutana nao kituo cha mafuta. Ndiyo raha ya mahali padogo, na ndipo penye mtego, kwa sababu huenda mwalimu unayemlalamikia ni shemeji yake mjumbe. Fuata ngazi: mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha msimamizi mkuu, bodi mwisho. Ukimkaba mjumbe dukani atakurudisha ngazi ya chini, na ana haki. Akiwa peke yake hana mamlaka yoyote. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa na kupiga kura. Tena suala lako likifika mbele ya bodi, yeye ndiye atakuwa mwamuzi, kwa hiyo hafai kuwa ameshasikia upande mmoja kwenye foleni ya maziwa.

Nenda kwenye kikao hata mara moja. Bodi hukutana angalau mara moja kwa mwezi, jioni, na sheria ya mikutano ya wazi ya Iowa inataka ajenda ibandikwe saa 24 kabla. Kwetu wanakaa maktaba, meza zimepangwa kama herufi U, na wasikilizaji mara nyingi ni mwandishi wa gazeti la wiki na mimi. Kitu kinachofaa kusomwa ni orodha ya malipo. Ipo kwenye makabrasha ya kikao, kurasa kadhaa: dizeli ya mabasi, maziwa, fundi wa boila, chumvi ya kuyeyusha barafu, ada ya waamuzi wa mpira wa kikapu, karatasi za chooni. Wanaipitisha kwa kura moja bila maneno mengi, ila ukiisoma miezi mitatu mfululizo utajua shule inaumia wapi kuliko hotuba yoyote itakavyokuambia. Mimi nilijua kuwa mabasi yamechoka kwa kuona malipo ya gereji yanavyojirudia. Aprili ndio mwezi wa kutokosa, maana ndipo bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai inapopitishwa.

Kuna nafasi ya wananchi kusema, kwa kawaida dakika chache kila mtu, unajiandikisha mlangoni. Hapa wengi wetu tunaumia moyo bure. Unasimama, unaeleza kwa Kiingereza ulichokifanyia mazoezi siku nzima, unamaliza, na mwenyekiti anasema asante, anayefuata. Hakuna anayejibu. Kwa desturi zetu hiyo ni dharau. Mwenye kikao anatakiwa aseme neno. Kumbe jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda hawaruhusiwi kulijadili papo hapo. Usiondoke na hasira. Kesho yake mwandikie msimamizi mkuu barua pepe fupi, mwombe suala liwekwe kwenye ajenda ya mwezi ujao. Mama mmoja jirani yangu alifanya hivyo kuhusu kituo cha basi kilichokuwa pembeni mwa barabara kuu, na kikao kilichofuata kikajadili kwa karibu nusu saa.

Udogo una gharama zake. Msimamizi mkuu anaweza kuwa wa wilaya mbili, siku hizi huku, siku zile kule, na sheria inazipa fedha kidogo wilaya zinazogawana watumishi namna hiyo. Wilaya nyingine zinagawana hata madarasa: watoto wa madarasa ya kati wanasoma mji huu, wa sekondari wanapelekwa mji ule. Timu ya mpira inaweza kubeba majina ya miji mitatu mgongoni. Wataalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu hutoka kwenye mashirika ya kanda yaitwayo AEA, yapo tisa jimbo zima, na mwaka 2024 bunge la jimbo lilibadilisha njia ya fedha zake ili nyingi zipitie kwanza kwenye wilaya. Ukiona mtaalamu wa matamshi wa mwanao amebadilika au anakuja mara chache, uliza kama ni kwa sababu hiyo. Jimbo huhesabu mwaka wa shule kwa siku 180 au kwa saa 1,080, na wilaya chache zinazochagua saa zimehamia wiki ya siku nne. Kwa baba na mama wote wawili wa zamu ya mchana, hilo ni jambo la kupigania kwenye kikao kabla halijapitishwa, si baada.

Wanachokosa kwenye orodha ya masomo, shule nyingi ndogo wanakifidia kwa vyuo vya jamii (community college, vyuo vya miaka miwili). Kijana wa sekondari anasoma kozi ya chuo, wilaya inalipa ada, na alama zinahesabika baadaye chuoni. Sijui faida nyingine kubwa kama hii ambayo wazazi wetu wanaipitia kando. Muulize mshauri wa wanafunzi mapema, mtoto akiwa darasa la tisa au la kumi, kwa sababu baadhi ya kozi zina vigezo vya kujiunga na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Kuhusu matokeo, jimbo lina tovuti inayoonyesha kila shule inavyofanya, na mtihani wenyewe, ISASP, hufanywa kila masika kuanzia darasa la tatu hadi la kumi na moja. Isome kwa tahadhari. Darasa likiwa na watoto 24, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 4. Mapacha wawili wakihamia wakiwa hodari wa hesabu, shule "imepanda", wakihama, "imeshuka". Kundi likiwa dogo sana takwimu zake hazichapishwi kabisa ili kulinda siri za watoto. Kwa hiyo usihamishe familia kwa sababu ya mwaka mmoja. Tazama miaka mitatu minne pamoja, na tazama ukuaji, yaani mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa, zaidi ya asilimia ya waliofaulu. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kuna mtihani wake wa kila mwaka, ELPA21, unaopima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Omba ripoti yake na ukae nayo. Watoto wengi wa kwetu wanaongea Kiingereza kama maji, wamekwama kwenye kuandika, na mzazi anadhani darasa lile la Kiingereza wanambania tu.

Na tafadhali, usimfanye mtoto mkalimani kwenye mkutano na walimu. Nimewahi kumsikia kijana akitafsiri "anavuruga darasa" kuwa "anachangamka darasani". Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa taarifa muhimu kwa lugha unayoielewa, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, bila kukutoza. Omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Mji mdogo huenda hauna mtu, ila ukalimani wa simu upo. Mkutano wa mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, ule wote wanaouita IEP, usitie saini hata kidogo kama hukuelewa.

Kwa wale ambao mmeshakuwa raia: uchaguzi wa bodi za shule Iowa hufanyika Novemba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, pamoja na wa miji, na mjumbe hukaa miaka minne. Wapiga kura huwa wachache, na mara nyingine kiti kina mgombea mmoja tu. Lakini shule ikitaka kukopa kwa hati fungani ili kujenga, inahitaji asilimia 60 ya kura, na hapo familia ishirini zinaweza kuamua kama paa jipya litakuwepo. Uchaguzi wa bodi unaofuata ni Novemba 2027. Mwenye nia ya kugombea fomu zake anazirudisha kwa katibu wa bodi, na katibu huyo kwa kawaida yuko ofisi ileile ya wilaya unakoulizia mambo mengine ya mwanao.